Binamu, Nimeiona Lenzi Isiyo na Tumbo

Cambridge, Massachusetts
Oktoba

Binamu yangu,

 Wewe umebaki dukani na joto la Tanga na wateja wanaotaka miwani leo walipe mwezi ujao. Huku majani ya miti yamegeuka mekundu, baridi ya asubuhi inauma masikio, na mpwa wetu ananicheka kwa kuvaa masweta mawili wakati majira ya baridi yenyewe hayajafika.

Dhumuni la barua hii unalijua. Ulinionyesha kwenye simu habari ya lenzi bapa, isiyo na mbinuko hata kidogo, ukaniuliza kama mtu aliyekwisha kuona msiba mlangoni: "Sasa sisi wasaga vioo tutakula wapi?" Nikakuahidi kwamba nikifika Boston kumwona mpwa wetu nitakwenda kuitazama kwa macho yangu. Nimekwenda, nimeiona. Kaa kitako nikusimulie. Jibu lako liko mwishoni, kwa hiyo usiruke kurasa kama unavyofanya na magazeti.

Mpwa wetu anakaa Dorchester. Kutoka huko hadi Cambridge unapanda treni ya Red Line kwa dola mbili na senti arobaini. Sehemu kubwa ya njia inakwenda gizani chini ya ardhi, kisha ghafla inachomoza kuvuka mto Charles juu ya daraja la Longfellow, na abiria wote wanainua macho kutoka kwenye simu zao kwa muda mfupi. Ukishavuka, unazama tena chini, unapita chuo cha MIT, halafu unafika kituo kinachoitwa Central. Wageni wengi hawashuki hapo, wanaendelea hadi kituo cha chuo kikuu cha Harvard. Mimi nilishuka kwa sababu yako.

Kusini ya kituo hicho kuna mtaa wa Cambridgeport, na ukiteremka nao kuelekea mtoni unafika mahali palipokuwa na karakana ya Alvan Clark na wanawe wawili. Leo ni mtaa wa nyumba za watu, magari yameegeshwa kando, mbwa wanatembezwa. Lakini katika karne ya 19 hapa ndipo palipotoka lenzi kubwa kuliko zote duniani. Si mara moja, bali mara tano. Mzee Clark hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mchoraji wa sura za watu, akahamia kwenye vioo akiwa mtu mzima. Inasimuliwa kwamba alipofikia hatua ya mwisho ya kusugua lenzi, pale ambapo kosa ni dogo mno kwa chombo chochote, alilimaliza kwa kidole gumba.

Sikiliza hii. Usiku wa tarehe 31 Januari 1862 mwanawe mdogo, Alvan Graham Clark, alikuwa akiijaribu lenzi mpya yenye upana wa sentimita 47. Akailenga kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, akaona kando yake kinukta kidogo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Wanajimu walikuwa wamekisia kwa hesabu tu kwamba Sirius ina mwenzake, na msaga vioo ndiye aliyemwona kwanza, akiwa kazini, anakagua mali ya mteja.

Lenzi yao ya mwisho kubwa, ya darubini ya Yerkes kule Wisconsin, ina upana wa mita moja na zaidi kidogo. Ilizinduliwa mwaka 1897, na mwaka huohuo Alvan Graham akafariki. Tangu hapo hakuna darubini ya lenzi kubwa kuliko hiyo iliyowahi kutumika kwa utafiti wa nyota. Sababu yake utaielewa haraka kuliko profesa: lenzi inashikwa pembeni tu, maana katikati lazima nuru ipite. Ikiwa kubwa sana, uzito wake wenyewe unaipinda. Unene uleule wa katikati unaoipa lenzi kazi ndio unaoiangusha. Kwa hiyo wanajimu wakahamia kwenye vioo vya kuakisi, wasaga lenzi wakubwa wakakosa warithi.

Nilitembea kutoka hapo hadi Harvard. Oxford Street ni mtaa mfupi wa majengo ya matofali, na maabara nilikoalikwa kuitazama lenzi bapa ipo hukohuko. Nilikuwa nimewahi, basi nikaingia makumbusho ya viumbe yaliyo namba 26. Humo kuna maua ya vioo. Usinielewe vibaya, hayajachorwa kwenye vioo; ni mimea kamili, na mizizi na nywele za jani, iliyotengenezwa kwa kioo na baba na mwana, Leopold na Rudolf Blaschka, karibu na Dresden nchini Ujerumani, kati ya 1887 na 1936. Vipande vyote pamoja vinapita 4,000. Nilisimama mbele ya tawi la mkorosho na mabibo yake nikatamani kulinyofoa. Leopold alimfundisha mwanawe, Rudolf hakupata mtoto wala mwanafunzi wa kumrithi, na alipostaafu kazi ile ikaisha. Nakuambia haya kwa sababu nilitoka mle ndani nimejaa heshima ya mkono wa fundi, nikavuka barabara, nikaonyeshwa kitu ambacho mkono wa fundi hautakiwi kukigusa kabisa.

Mwenyeji wangu ni kijana wa shahada ya uzamivu katika fizikia tumizi, rafiki wa mpwa wetu. Alinipeleka kwenye chumba chenye giza nusu na meza nzito ya chuma iliyojaa matundu ya skrubu. Meza yenyewe imeegemezwa juu ya hewa iliyoshindiliwa ili mtikisiko wa magari ya nje usiifikie. Akafungua kisanduku cha plastiki, akachukua kibanio, akainua kisahani cha kioo chembamba. Mara ya kwanza sikuona kitu. Alipokigeuza kidogo kuelekea taa, vikatokea vidoa vya mviringo vyenye rangi za upinde wa mvua, vimepangwa kwa safu. "Kila kidoa ni lenzi," akasema. Nikainamisha kichwa niangalie kwa ubavu, nitafute mbinuko wowote. Hakuna. Ukikipitisha kisu cha kunyolea juu yake, hakuna kitu cha kukwama.

Nikanyoosha kidole. Akakirudisha kisandukuni haraka. Mafuta ya ngozi, akanieleza, yanajaza nafasi zilizo kati ya vinguzo, na lenzi inakufa papo hapo. Nikamkumbuka mzee Clark na kidole gumba chake.

Sasa nikueleze vinguzo hivyo. Lakini kwanza tukumbushane kazi ya tumbo la lenzi, maana wewe unalisaga kila siku na pengine umesahau kwa nini lipo. Nuru inapoingia kwenye kioo inapunguza mwendo. Katikati ya lenzi ya kukuzia kuna kioo kingi, kwa hiyo nuru inayopita hapo inacheleweshwa zaidi. Pembeni kioo ni kidogo, inacheleweshwa kidogo. Hesabu hiyo ya ucheleweshaji ikipangwa sawasawa, sehemu zote za wimbi zinafika kwenye fokasi kwa pamoja, na hapo ndipo nuru inakusanyika. Kupinda kwa nuru kunatokana na kuchelewa huko. Mtaalamu wa Baghdad, Ibn Sahl, aliiandika kanuni ya kupinda huku mnamo mwaka 984, akichunguza vioo vya kuchomea vitu kwa jua. Kule Ulaya kanuni hiyohiyo ikaja kupewa jina la Snell, Mholanzi wa karne ya 17.

Umewahi kuona gwaride la polisi linapokata kona. Askari wa ndani anapiga mguu palepale, wa nje anapiga hatua ndefu, safu nzima inageuka bila kuvunjika. Wimbi la nuru ni safu ya namna hiyo. Tumbo la kioo ni njia moja tu ya kumwambia kila askari achelewe kiasi gani. Mwaka 2011 kundi la Profesa Federico Capasso hapa Harvard, akiwemo Nanfang Yu, lilionyesha kwamba amri hiyo inaweza kutolewa na vitu vidogo mno vilivyopandwa juu ya sakafu bapa. Walitumia vijiti vya dhahabu vyenye umbo la herufi V juu ya silikoni, na nuru isiyoonekana kwa macho. Nuru ikapinda kwa pembe ambayo kanuni ya zamani haiitambui, wakaiandika kanuni upya ili iingize mchango wa vijiti hivyo.

Dhahabu ina ubaya wake: inameza nuru. Ilibidi watafute kitu kinachoipitisha vizuri nuru inayoonekana kwa macho lakini kinaipunguza mwendo sana. Wakaishia kwenye titaniamu dayoksaidi, na hapo utacheka, kwa maana ndio unga mweupe uliomo kwenye rangi ya ukuta na dawa ya meno. Ndani yake nuru inakwenda chini ya nusu ya mwendo wake wa kawaida. Nguzo fupi tu ya kitu hicho inatosha kufanya kazi ya tumbo zima la kioo.

Fupi kiasi gani? Milimita moja ina nanomita milioni moja. Nguzo za lenzi yao ya mwaka 2016, ile iliyotangazwa katika jarida la Science, zilikuwa na kimo cha nanomita 600. Wimbi la nuru ya kijani lina urefu wa nanomita 532, na nguzo zimesongamana kwa nafasi ndogo kuliko wimbi hilo. Ndiyo maana nuru haizioni moja moja. Inaziona zote kama uso mmoja wenye maagizo tofauti kila mahali. Kwenye lenzi ile nguzo zote zina umbo moja la tofali jembamba lililosimama, na kinachobadilika ni upande zilikoelekea: hii imegeuzwa kidogo, inayofuata imegeuzwa zaidi. Mgeuko huo ndio unaobeba amri. Lenzi nyingine zinatumia nguzo za mviringo, nene hapa na nyembamba pale, na unene ndio unaoamua nuru icheleweshwe kiasi gani.

Nikauliza swali ambalo wewe ungeuliza: mnachonga na nini? Akacheka. Hawachongi. Walijua kwamba ukiichonga titaniamu dayoksaidi kwa gesi, kuta za nguzo zinatoka na mikwaruzo na zinainama, na kwa ukubwa huu mkwaruzo mdogo unatawanya nuru. Kwa hiyo wanamimina kwenye kalibu.

Hatua ya kwanza ni kupaka juu ya kioo utando wa plastiki maalumu wenye unene uleule wa kimo cha nguzo. Kisha mashine ya mwali wa elektroni, yenye nguvu ya volti 125,000, inaandika juu ya utando ule mahali pa kila nguzo. Inaandika moja baada ya nyingine, mamilioni yao, mtu anaweza kwenda nyumbani akala akalala akarudi. Sehemu iliyopigwa na mwali inayeyushwa kwa dawa, na yanabaki matundu. Hapo linakuja jambo lililonivutia kuliko yote. Kisahani kinawekwa kwenye chumba kisicho na hewa, chenye joto la nyuzi 90 tu ili kalibu isiyeyuke, na mvuke wa titaniamu unaingizwa, unatolewa, unaingizwa mvuke wa maji, unatolewa. Kila mzunguko unaacha utando usiofika hata nanomita moja. Mzunguko baada ya mzunguko, kuta za kila tundu zinaota ndani kwa ndani mpaka zinakutana katikati, tundu limejaa. Uchafu uliobaki juu unakwanguliwa kwa gesi ya klorini, plastiki inaondolewa, na nguzo zinabaki zimesimama wima, laini kila upande.

Kazi hiyo inafanyika kwenye vyumba visivyo na vumbi. Asiyepata mafunzo haingii, basi mimi nilibaki na maelezo na picha. Wanavaa ovaroli nyeupe kutoka utosini hadi kwenye nyayo, macho tu ndiyo yanayoonekana. Penseli haziruhusiwi, maana unga wake ni uchafu. Taa za sehemu ya kupaka utando ni za manjano, kwa sababu rangi ya buluu inaweza kuziharibu dawa zinazoitika nuru. Chembe moja ya vumbi la kawaida ingelala juu ya mamia ya nguzo kwa pamoja.

Turudi mezani. Aliwasha leza ya kijani, akaipanua ikawa duara, akaielekeza kwenye kidoa kimoja. Upande wa pili, kwenye kamera, kikatokea kinukta kikali, kidogo, kimezungukwa na giza safi. Lenzi ya mwaka 2016 ilikuwa na upana wa maikromita 240, yaani chini kidogo ya robo milimita, na kwa rangi iliyokusudiwa ilikusanya nuru kwenye doa dogo kuliko lile la lenzi ya hadubini ya kununua yenye uwezo unaolingana nayo. Lenzi hiyo ya hadubini ni mrija mzito wenye vioo kadhaa vilivyopangwa ndani kwa mkono. Kipande hiki ni utando juu ya kioo. Hapo, binamu, nikakubali kwamba ulikuwa na haki ya kuingiwa na hofu.

Kisha akazima leza ya kijani akawasha nyekundu, na sura ya kitu ikabadilika. Kinukta kilitanuka, kikawa doa lenye ukungu. Akaisogeza kamera karibu na lenzi, kikarudi kuwa kikali. Unaona balaa? Kila rangi ina fokasi yake. Hata kwenye kioo chako rangi hazikutani mahali pamoja, lakini tofauti ni ndogo, na mpango wake ni kinyume: kwako buluu inakutana karibu na nyekundu mbali, kwenye lenzi hii bapa nyekundu ndiyo inayokutana karibu, tena kwa tofauti kubwa. Ukiitumia kupigia picha ya harusi, bibi harusi atakuwa na kivuli cha rangi pembeni mwa kila kitu.

Hawakulala. Mwanzoni mwa 2018 kundi lilelile lilitangaza lenzi inayokusanya rangi kuanzia nanomita 470 hadi 670, yaani kutoka buluu hadi nyekundu, kwenye fokasi moja. Walifanya hivyo kwa kuunganisha vinguzo viwiliviwili vya maumbo tofauti, ili kurekebisha ucheleweshaji wa kila rangi. Lakini ilikuwa lenzi ndogo sana, na kadiri unavyotaka iwe pana ndivyo nguzo zinavyotakiwa ziwe na tofauti kubwa ya ucheleweshaji kuliko kimo chake kinavyoweza kutoa. Tena kuna nuru inayopotea njiani, na picha inaharibika unapotazama kwa pembe. Kijana hakunificha hata moja. Nilimpenda kwa hilo. Nimezoea watu wanaouza ndoto.

Ila usishike rangi ukasahau jambo kubwa. Habari uliyoisoma ilikazania wembamba. Mimi nimetoka pale nikiamini kwamba wembamba ni mapambo. Jambo lenyewe ni nani anayeitengeneza lenzi.

Kuandika kwa mwali wa elektroni ni kazi ya mwandishi anayenakili kitabu kwa mkono, nguzo kwa nguzo. Mwaka 2019 kundi la Capasso lilitoa lenzi za upana wa sentimita moja ambazo hazikuandikwa hivyo. Zilipigwa kama picha, kwa nuru ya urujuanimno yenye wimbi la nanomita 248, kupitia kiolezo, kwa mashine za aina ileile zinazotengeneza chipu za kompyuta. Na nguzo hazikuwa za titaniamu. Zilichimbwa kwenye kioo chenyewe, hakuna kingine chochote. Kisahani kimoja kilitoa lenzi 45 kwa pamoja. Mwaka 2024 wakatangaza moja yenye upana wa sentimita 10, ina nguzo bilioni 18.7, wakaiweka kwenye darubini wakapiga picha ya Mwezi, ya Jua, na ya wingu la gesi la mbali angani linaloitwa Amerika Kaskazini. Darubini ya lenzi bapa inatazama mbinguni katika jimbo lilelile ambako akina Clark walisaga. Na haina tumbo la kuielemea.

Kwa miaka yote lenzi na chipu vilikuwa ndugu wa baba mbalimbali. Kamera ya simu yako ina chipu ya kuona iliyotoka kiwanda kimoja, na juu yake rundo la vilenzi vya plastiki vilivyotoka kiwanda kingine, kisha mtu au roboti akavipanga na kuvigundisha. Sasa lenzi imeanza kuhamia kiwanda cha chipu. Inachapwa kwenye kisahani kilekile, kwa mashine zilezile.

Na usidhani ni mambo ya kesho. Kampuni ya Metalenz ilianzishwa 2016 kutokana na maabara hii, mmoja wa waanzilishi wake akiwa Rob Devlin, aliyekuwa mwanafunzi humu. Mwaka 2022 kampuni kubwa ya chipu, STMicroelectronics, ilitangaza kwamba imeanza kuziweka lenzi za namna hii kwenye vitambuzi vyake vya kupima umbali, vile vinavyorusha nuru na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Vinatumika kwenye simu na vifaa vingine, kwa mfano kuisaidia kamera ijue kitu kiko mbali kiasi gani. Kwa nini waanze na hicho? Kitambuzi cha namna hiyo kinatumia nuru ya aina moja tu isiyoonekana kwa macho. Ule udhaifu wa rangi nilioushuhudia pale mezani hauna nafasi ya kuleta madhara. Wameanza pale ambapo kasoro haidhuru, na hiyo ni akili ya biashara.

Haya, jibu lako.

Duka lako haliondoki. Nimeligeuza swali lako kila upande nikiwa kwenye treni ya kurudi, na sababu niliyoipata haikutegemea huruma. Mashine za chipu zina faida pale tu zinapochapa kitu kilekile mamilioni ya mara. Kiolezo ni ghali, na gharama yake inagawanywa kwa wingi. Kitambuzi cha simu kinaikubali hesabu hiyo, kwa sababu simu milioni zinataka lenzi moja. Wateja wako hawaikubali. Mwalimu mstaafu anayekuja kwako ana jicho la kulia la namba moja na la kushoto la namba nyingine, na mwezi ujao daktari atabadilisha. Miwani inataka rangi zote kwa wakati mmoja, inataka kuona kwa pembe, inataka upana wa fremu nzima, na inataka bei ya Tanga. Katika hayo manne lenzi bapa inashindwa leo, na hakuna mtu pale maabara aliyeniambia kwamba miwani ndiyo anayoiwinda. Wanazungumzia simu, kamera ndogo za kuingiza mwilini, vifaa vya kuvaa usoni na darubini za kupeleka angani.

Anayepaswa kukosa usingizi ni mwenye kiwanda cha vilenzi vya plastiki vya simu, na mwenye karakana ya kupanga vioo ndani ya hadubini. Kiwanda kinapenda lenzi milioni zinazofanana. Wewe unaishi kwa macho yasiyofanana.

Ila kuna neno moja ulipokee kwa uzito wake. Akina Clark hawakushindwa kwa uvivu wala kwa kazi mbaya. Akina Blaschka vilevile. Ufundi wao ulikuwa bora hadi siku ya mwisho, ukakatika: kwa akina Clark kilichofuata kilikuwa elimu ya aina nyingine, na kwa akina Blaschka hakukuwa na wa kurithi. Mwanao wa kwanza anaingia kidato cha tano. Uliniambia unataka aje dukani mara atakapomaliza, ajifunze kusaga. Mfundishe, hilo sikatai, mkono wake utamfaa maisha yake yote. Lakini mwache asome mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati kwanza. Yule kijana aliyenionyesha lenzi anatumia yote matatu kila siku: kemia kumimina nguzo, hisabati kuzipanga, fizikia kujua nuru itafanya nini ikifika. Kama ana hamu, mwambie aniandikie, nitamuunganisha na mpwa wetu amweleze maombi ya vyuo vya huku yanavyokwenda na ufadhili unatafutwaje. Maombi yanaanza mapema kuliko tulivyozoea, kwa hiyo asisubiri matokeo ya kidato cha sita.

Mashine yako ya kusagia usiiuze. Na huyo aliyekuambia ataleta "lenzi za nano" dukani kwako kwa bei ya jumla, mwombe akuonyeshe moja kabla hujatoa hata shilingi.



Wako binamu